Kiti Chenye Namba Hakikaliwi

Gunnel Risberg alikuwa na misemo miwili ya kazi, na kwa miaka kumi na sita aliwatwanga nayo wanafunzi wake bila huruma. Wa kwanza: kiti chenye namba hakikaliwi. Wa pili: hakuna kadi ya mazoezi. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wahenga hawakufundisha elimu ya makumbusho kaskazini mwa Uswidi. Wangefundisha, wangeongeza kwamba kabla ya kuingia kisimani lazima kwanza ujaze fomu.

Somo lake lilikuwa la ghala. Alifundisha jinsi ya kuinua kikombe cha kale kwa mikono miwili bila kukishika sikio, jinsi ya kukiandikia namba mahali pasipoonekana, na jinsi ya kujaza kadi yake ya rejista. Maprofesa wa fani hii, kuanzia Bergen mpaka Jyväskylä, wanaweza kukaa kongamanoni siku tatu wakibishana makumbusho ni nini hasa, wakala vizuri, wakainuka bila kuafikiana, na kila mmoja akarudi kwao ameridhika. Wanafunzi waliyasahau mengi ya maprofesa. Ya Gunnel hawakuyasahau, kwa sababu yalikuwa mafupi na yalikuwa na adhabu.

Mwaka mmoja mwanafunzi aitwaye Hampus Nyqvist, akiwa amechoka kubeba masanduku, alikalia kiti cha mkulima chenye umri wa miaka mia tatu. Gunnel hakupaza sauti. Alimpa karatasi na kalamu, akamwambia akiandikie kiti barua ya kuomba radhi. Hampus aliandika kurasa mbili. Gunnel akazisoma, akazirudisha, akasema hajautaja mguu wa nyuma wa kushoto, na huo ndio ulioumia zaidi.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hampus alihitimu, akatangatanga katika makumbusho mawili matatu ya kusini, kisha akarudi akiwa mtunza rejista ya vifaa vya kale vya chuo kikuu: mtu wa miaka thelathini na minne, ndevu zimechanwa, glavu za buluu katika kila mfuko. Gunnel alimwona akipita korido akamwambia kila mtu kwamba yule ni kazi ya mkono wake. Alijivunia kweli.

Yeye mwenyewe hakuwa profesa wala daktari. Alikuwa na miaka sitini na mmoja na tasnifu isiyokwisha. Alizaliwa Granliden, kijiji cha kiwanda cha kupasua mbao, ambako mama yake, Alfhild, alipika kahawa ya bwaloni kwa wanaume walioingia na vumbi la mbao hadi masikioni. Gunnel aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita akaingia kiwandani humo humo, kufuta na kupaka grisi. Alipofika miaka ishirini na tisa kiwanda kikafungwa. Miezi minane baadaye kikafunguliwa tena, safari hii kama makumbusho, na Gunnel akaajiriwa kukaa kando ya msumeno mkubwa na kuwaambia wageni wasiuguse.

Hapo ndipo alipopatwa na ugonjwa wa usomi. Msumeno aliokuwa akiupangusa kwa mikono yake miaka kumi na mitatu, leo akiugusa anaandikiwa barua ya onyo. Akamuuliza mkuu wa makumbusho ni kitu gani kilichotokea hapo katikati. Mkuu akajibu kwamba msumeno umepewa namba. Gunnel akauliza tena: namba imeufanya nini? Mkuu akamshauri aende chuo kikuu, nadhani ili apate kupumua.

Kuna jambo jingine la Granliden ambalo hakulisimulia chuoni. Birika la shaba la bwaloni nalo lilipewa namba, G 12, kwa rangi nyeupe kitakoni, likawekwa juu ya jiko baridi. Siku ya ufunguzi Alfhild alikuja na koti lake la Jumapili, akasimama mbele ya birika muda mrefu. Jioni birika halikuwepo. Gunnel, aliyekuwa zamu, aliandika daftarini kwamba kifaa G 12 hakionekani. Jumapili iliyofuata alikwenda kumwamkia mama yake, akamiminiwa kahawa kutoka katika kifaa G 12.

“Mama, umeiba,” alisema.

“Nani kaiba? Nimelifuata kazini tu. Lilikuwa limechelewa kurudi nyumbani.”

Kwa miaka ishirini na miwili birika lile lilichemka kila siku, na Gunnel alikunywa kahawa yake kila Jumapili na kufunga mdomo. Alfhild alipofariki, binti alilileta nyumbani kwake, akalisugua, akaliweka juu ya rafu ya jikoni, na tangu siku hiyo hakulitia maji. Kulirudisha Granliden kungetaka maelezo. Kulitumia kungevunja msemo wake wa kwanza. Basi lilikaa pale miaka tisa likimtazama akinywa kahawa ya chupa ya chai.

Tasnifu yake ilikuwa na kurasa mia tatu na arobaini, na roho yake ilikuwa ukurasa wa 214, mstari wa tisa: kitu kilichopewa namba hakirudi kazini kamwe. Alitoa mifano sitini na minane kutoka nchi zote tano za Nordiki. G 12 haikuwemo.

Miaka kumi na mitatu aliiandika, Jumamosi na likizo. Chuo kilimwongezea muda mara tatu, na barua ya nne ilisema, kwa ule upole wa huku unaouma kuliko tusi, kwamba wanamtakia kila la heri hadi mwisho wa Juni na baada ya hapo nafasi yake itafutwa. Siku ya utetezi ikapangwa: tarehe kumi na saba Mei. Mpinzani, yaani mtahini anayekuja kuihoji tasnifu mbele ya watu, bingwa mmoja kutoka Denmark, alishakata tiketi. Kilichobaki ni msumari.

Huku tasnifu haiwi tasnifu mpaka ipigiliwe msumari. Wiki tatu kabla ya kuitetea, unachukua kitabu chako, umekitoboa pembeni na kukitia uzi, unakwenda kwenye ubao wa kitivo kando ya ngazi, unapigilia msumari mbele ya watu na kukitundika. Afisa wa masjala anakitazama kwa macho yake, anagonga muhuri, watu wanakula keki. Kanuni za kitivo hicho, za tangu enzi za babu zao, zilitaja ubao, nyundo na msumari, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuzigusa. Siku ya mwisho ya Gunnel ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na sita Aprili.

Jumatatu ya wiki hiyo alikwenda kupima pa kupigilia. Ubao haukuwepo. Ukutani palibaki mraba mweupe na matundu manne ya skrubu, na katikati kikaratasi: Kifaa kimehamishiwa ghalani kwa usalama wake. H. Nyqvist.

Alishuka ghalani akicheka. Alidhani ni mzaha wa kumtakia heri.

Hampus alikuwa amesimama mbele ya meza, na juu ya meza ubao umelala ndani ya karatasi nyeupe laini kama mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Alieleza kwamba majira yote ya baridi alikuwa akiingiza kadi za zamani kwenye kompyuta, na wiki iliyopita alikuta kadi ya ubao huu. Ni kifaa namba 417. Kimesajiliwa miaka ishirini na mmoja iliyopita, na miaka yote hiyo watu wamekuwa wakikipiga misumari. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeripoti mauaji.

“Nani alisajili upuuzi huo?” Gunnel aliuliza.

Hampus akamgeuzia kadi. Mwandiko ulikuwa wa wino wa buluu, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride, na chini kabisa: G. Risberg.

Akakumbuka. Mwaka wake wa kwanza chuoni, akiwa mwanafunzi wa miaka arobaini, mwalimu aliwatuma kila mmoja akatafute kitu kimoja ndani ya jengo akijazie kadi. Wenzake walichukua taa na mashine za chapa. Yeye aliteremsha ubao, akahesabu matundu yake yote kwa kioo cha kukuzia, akaandika namba nyuma, akaurudisha ukutani, na namba ikatazamana na ukuta hadi leo. Mwaka ule aliandika kadi zaidi ya mia mbili. Nani angekumbuka?

“Hampus, ile ilikuwa mazoezi tu,” alisema.

“Hakuna kadi ya mazoezi,” Hampus akamjibu, na wala hakuwa akimkejeli, maskini. Alikuwa akinukuu.

“Usinifundishe maneno yangu, bwana wee.”

“Sasa nikufundishe ya nani, Gunnel? Mimi sina mengine. Hayo ndo uliyonipa.”

Mkuki kwa nguruwe. Gunnel alipanda ngazi bila kuaga, na siku mbili zilizofuata alizunguka chuo kizima akitafuta mlango. Mkuu wa kitivo alimsikiliza kwa makini sana, akamwambia ubao mpya unawezekana kabisa, ila lazima uidhinishwe na baraza, na baraza linakaa tarehe tatu Mei, na hapo litaunda kikundi cha kutazama aina ya mbao. Wanatheolojia wa jengo la pili walikuwa na ubao wao na walikubali kumwazima kwa moyo mkunjufu, lakini afisa wa masjala alionya kwamba kitabu kitakachotundikwa pale kitahesabiwa kuwa cha theolojia. Gunnel hakuwa na hakika kama angemudu maswali yao.

Jumatano jioni alikwenda kwa msimamizi wake, Ylva Hedman, profesa aliyekuwa mdogo wake kwa miaka kumi na saba. Ylva alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kisha akaiona sura ya Gunnel, akamsogezea sahani ya maandazi ya mdalasini, dawa ya kwanza ya kila janga la kitivo kile.

Ylva akasema iko fomu. Kifaa cha chuo kinaweza kutolewa ghalani kwa siku moja, mtunza rejista akiridhika na sababu. Gunnel alijua kuna fomu. Ni yeye aliyeitunga. Ilikuwa na swali moja tu: Kwa nini kifaa hiki kirudi kazini? Na chini yake mistari miwili tupu. Alikuwa ameitunga makusudi ili asipatikane mtu wa kuijibu.

“Jibu si jepesi?” Ylva aliuliza. “Andika kwamba unauhitaji.”

“Siwezi. Nikiandika sababu yoyote ile, nimekana ukurasa wa mia mbili na kumi na nne kwa mkono wangu. Yule Mdenmarki akiipata fomu hiyo atanining'iniza mimi badala ya kitabu.”

“Na usipoandika?”

Wote wawili waliijua ile barua ya nne. Usiku ule hakulala. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana ni vigumu kujihurumia pale ambapo adui yako ana mwandiko wako.

Alhamisi asubuhi alirudi ghalani na fomu mfukoni, bado tupu. Alimwomba Hampus amwonyeshe hali ya ubao. Hilo ni ombi ambalo mtunza rejista hawezi kulikataa. Akampa glavu na kioo cha kukuzia, akavaa na yeye, wakainama pande mbili za meza na kuanza kuhesabu matundu, mstari kwa mstari, Hampus akiweka alama kwenye karatasi. Iliwachukua saa nzima na nusu. Kadi ilisema mia tatu na kumi na mawili. Wao walipata mia tatu themanini na tisa.

“Sabini na saba yameongezeka,” Hampus akasema. “Tangu usajiliwe.”

Gunnel aliinama juu ya ubao akiyatazama yale mapya. Akamjua mwenye kila tundu. Lile la juu kushoto ni la mwanahistoria wa Luleå aliyepinda misumari mitatu. Lile la pembeni, la Ylva, aliyeshika nyundo akiwa na mimba ya miezi minane. Msumari wa kitivo hiki haumpiti mtu. Katika sherehe zote sabini na saba Gunnel alikuwepo, amesimama mbele ya kifaa namba 417, sahani ya keki ya kijani mkononi, akipiga makofi. Mlinzi mkuu wa vitu vya kale alishangilia mara sabini na saba kitu cha kale kikitobolewa. Na hakuna aliyemkumbusha, wala yeye hakuona chochote kilichoharibika.

“Mi nilidhani unajua,” Hampus alisema taratibu. “Nikajiambia labda iko sababu ya kitaalamu ambayo hujatufikishia.”

“Hampus.”

“Naam.”

“Mama yangu aliiba birika la makumbusho.”

Hampus akavua glavu. Vitabu vya fani havikuwa na sura ya jambo hilo. Gunnel akamsimulia yote, tangu koti la Jumapili hadi rafu ya jikoni: birika G 12, namba kitakoni, kahawa ya kila siku kwa miaka ishirini na miwili. Akasema mifano yake sitini na minane aliitafuta mpaka Iceland, na ule wa sitini na tisa alikuwa akiunywa. Aliuacha nje ya kitabu kwa sababu ungekitoboa. Kumlinda mama, alijiambia. Lakini mama alishakufa na hakuhitaji ulinzi wa mtu.

“Kwa hiyo ubao huu ulistaafu au haukustaafu?” Hampus aliuliza. Sauti yake ilikuwa ile ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Gunnel akatoa fomu mfukoni, akaiweka juu ya meza mbali na karatasi nyeupe, akajaza mistari miwili kwa penseli, maana wino hauruhusiwi ghalani. Aliandika: Kwa sababu haukuwahi kuacha kazi. Mwandishi wa kadi alikosea, na ukurasa wa 214 pia.

Hampus alisoma mara mbili. Akatia sahihi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa Gunnel Risberg mpaka kwenye mifupa, akaongeza masharti: ubao utoke saa tano na urudi saa saba, msumari uwe wa chuma kisichoshika kutu, urefu usizidi milimita arobaini, na tundu jipya lisiguse la zamani.

“Huo ndo mkono wangu,” Gunnel alimwambia, na safari hii hakuwa na uhakika kama anajisifu au anakiri kosa.

Jioni ile kulikuwa na kazi moja zaidi. Kitabu kilishachapwa, nakala mia na hamsini, na hakukuwa na namna ya kukifungua upya. Lakini iko desturi ya zamani ya kuingiza ndani ya tasnifu kikaratasi cha masahihisho, ambamo waandishi hukiri koma zilizopotea. Gunnel alichapa chake, kikiwa na mstari mmoja: Ukurasa wa 214, mstari wa tisa, palipoandikwa “kamwe” pasomeke “mpaka mtu akihitaji”. Ylva alipokiona aliuliza kama anajua kwamba ameng'oa nguzo ya nyumba wiki tatu kabla ya mgeni kufika. Gunnel akasema anajua, na kwamba mgeni angeing'oa tu, afadhali akute imeshawekwa kando vizuri.

Ijumaa saa tano Hampus alipanda ngazi amekumbatia ubao kifuani, hatua moja moja, watu wakimpisha. Akautia skrubu nne. Walikuja wote: Ylva, mkuu wa kitivo, wanatheolojia wawili waliotaka kuona wamekosa nini, na afisa wa masjala na muhuri wake. Gunnel alichagua nafasi yake chini kulia. Pigo la kwanza alilikosa, la pili likashika, la tatu likazama. Akatundika kitabu. Afisa akakitazama kwa macho yake kama kanuni inavyotaka, akagonga muhuri. Gunnel alisimama na nyundo mkononi asijue aiweke wapi. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imekwisha kwa mapigo matatu, na moja lilikuwa la ukutani.

Hampus alikuwa ameshatoa kadi ya 417. Kwenye idadi ya matundu alifuta akaandika mia tatu na tisini. Kwenye sehemu ya aliyefanya, ambako miaka ishirini na mmoja iliyopita Gunnel aliandika “hajulikani” kwa niaba ya watu mia tatu na kumi na wawili, akaongeza jina kamili la Gunnel na tarehe, kisha akamwonyesha. Gunnel alitazama pembeni, akajisingizia mafua.

Keki ilikuwa juu ya meza ya korido. Kahawa ilikuwa juu ya jiko dogo la umeme ambalo Gunnel alilileta asubuhi kwa kikapu, na juu ya jiko lilichemka birika la shaba lenye kitako cheusi. Harufu ilifika hadi ngazi ya pili. Hampus alisogea, akainama kama alivyofundishwa, asiguse, akageuza kichwa hadi akaona ukingoni mwa kitako rangi nyeupe iliyoungua nusu.

“Gunnel,” alinong'ona, “hili lina namba.”

“Lina namba, ndiyo,” Gunnel akasema. “Lete kikombe.”